AJALI INA KINGA
Matembezi ya Ziwani na Kisingizio cha Kudra

Sifa zote njema ni za Allah (Subhaanahu Wata'ala), aliyewatiishia waja wake bahari na maziwa ili wapate humo riziki na watafute fadhila zake. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake wote. Amma ba'd.

Ndugu Waislamu, kila inapomalizika swala ya Idd hapa kisiwani Bumbire, vijana hushuka mwaloni wakiwa na masufuria ya pilau, vipaza sauti na fulana mpya za rangi moja. Mtumbwi wa mbao ambao jana ulibeba dagaa, leo hubeba watoto wa madrasa. Safari ni ya kwenda upande wa pili wa kisiwa, au kisiwa jirani, kula, kuogelea na kurudi jioni. Hali ni hiyo hiyo Goziba, Ikuza na Mazinga, na hata huko Kemondo na Bukoba mjini.

Hatuna ugomvi na furaha hiyo. Ugomvi wetu ni kwamba mtumbwi huo huondoka bila ya jaketi okozi hata moja, bila ya mtu kuwahesabu waliopanda, na bila ya mtu ufukweni anayejua watarudi saa ngapi. Na mwenye busara akithubutu kuuliza, hujibiwa kwa maneno matatu ambayo watu wameyafanya kama kwamba ni aya iliyoteremshwa: "Ajali haina kinga." Makala hii imekusudia kuivunja kauli hiyo, na tunaanza kwa kujivunja sisi wenyewe.

Tuliyoyaona ufukweni

Tulipokuwa masomoni katika nchi mojawapo ya Kiarabu iliyo kando ya bahari, siku za mapumziko tulikuwa tukienda ufukweni baada ya Alfajiri kudurusu vitabu vyetu. Hapo tuliwakuta mara kwa mara watu wa klabu ya kayaki. Kayaki ni mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja au wawili, aghlabu uliofunikwa juu na kuachwa tundu la kukalia, unaoendeshwa kwa kafi lenye bapa pande zote mbili. Asili yake ni kwa wawindaji wa nchi za barafu za kaskazini, waliouunda kwa ngozi za wanyama wa baharini. Leo watu wa mataifa mengi huutumia kwa matembezi ya kujifurahisha.

Walikuwa watu kumi au kumi na wawili, Waarabu na wageni. Kilichotushangaza si mchezo wao, bali muda walioutumia kabla ya kugusa maji. Kiongozi alimkagua kila mmoja jaketi lake na kuvuta mikanda kwa mkono wake mwenyewe. Kila mtu alikuwa na filimbi. Waliitwa kwa majina. Mmoja aliwekwa kutangulia, na mzoefu mwingine akawekwa kuwa wa mwisho, ikakubaliwa kwamba mwendo wa kundi zima ni mwendo wa aliye dhaifu kuliko wote. Wageni katika mchezo walipinduliwa kwanza kwenye maji ya kina kifupi, wajifunze kutoka na kupanda tena. Kisha karatasi yenye majina, njia watakayopita na saa ya kurudi iliachwa kwa mtu aliyebaki nchi kavu, mwenye agizo la kuwaita waokoaji saa hiyo ikipita.

Siku moja walifanya yote hayo, kisha kiongozi akautazama upepo, akasema leo hatuendi. Wakafunga vitu vyao wakaondoka bila ya manung'uniko. Sisi tuliokuwa tumekaa na vitabu vyetu tulicheka. Tukasema: watu hawa wanaogopa mauti hata katika mchezo! Leo tunakiri kuwa kicheko kile kilikuwa cha ujinga.

Swali la mama

Tuliporudi nyumbani na kukabidhiwa watoto wa kuwafundisha, tulifanya matembezi ya Idd kama walivyofanya waliotutangulia. Mtumbwi mmoja, injini moja ya kupachika, jaketi hakuna. Wakati wa kurudi upepo uligeuka, mawimbi yakaanza kumwaga maji ndani ya chombo, watoto wakawa wanalia, na sisi tukawa tunayachota maji kwa masufuria yale yale ya pilau. Allah akatuvusha.

Tulipofika mwaloni mama mmoja akauliza: "Ustadhi, mwanangu yuko wapi?" Tukatazama huku na huku. Hatukuwa na jibu, kwa sababu hatukujua tuliondoka wangapi. Ilikuja kubainika kwamba mtoto yule hakupanda mtumbwi asubuhi. Alikwenda kwa shangazi yake, na alipatikana baada ya Magharibi. Lakini tangu Alasiri mama yule alikaa ukingoni akiyatazama maji, nasi tulikaa pamoja naye, na elimu yote tuliyorudi nayo haikuweza kumjibu swali lake.

Watu walitufariji. Wakasema kwamba hata lau angezama, ingekuwa ni kudra. Hapana, ndugu zangu. Lau angezama, sisi tungeulizwa mbele ya Mola wake na mbele ya mama yake, na neno kudra lisingetutoa.

Kudra haikuteremshwa kuwa kisingizio

Kuamini kadari, kheri yake na shari yake, ni nguzo ya imani yetu, na hakuna jani linaloanguka ila Allah analijua. Lakini kadari huaminiwa. Haifanywi hoja ya kuhalalisha uzembe. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, mtu alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama amwache ngamia wake bila ya kumfunga na amtegemee Allah, naye akaelekezwa kwanza amfunge, kisha ategemee. Sayyidna Umar (r.a.) alipoelekea Shamu na kupata habari ya tauni akaamua kurejea, Abu Ubayda (r.a.) alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akamfahamisha kuwa anatoka katika kadari moja kwenda katika kadari nyingine ya Allah huyo huyo. Jaketi okozi nalo ni kadari ya Allah. Mbona tunaikimbia?

Na imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba siku ya Uhud Mtume (s.a.w.) alivaa deraya mbili, moja juu ya nyingine. Huyu ndiye mbora wa wenye kumtegemea Allah. Basi ni nani kati yetu aliyemzidi kwa tawakkul hata aone aibu kuvaa jaketi moja?

Zaidi ya hapo, imepokewa katika Musnad ya Imam Ahmad na katika Al-Adab al-Mufrad ya Bukhari onyo kwamba anayelala juu ya dari lisilo na ukingo, na anayepanda bahari wakati wa mchafuko wake, dhima imemtoka. Yaani amejitoa mwenyewe katika ulinzi. Hii ni kauli ya wazi juu ya maji na juu ya upepo, na hatukumbuki mara ya mwisho kuisikia katika hotuba ya Idd ya kisiwa chochote.

Tuziangalie ajali zenyewe. Mei 21, 1996, MV Bukoba iliyokuwa imetoka Bukoba na kupitia Kemondo ilipinduka ikiwa inakaribia Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Waliokufa ni zaidi ya 800. Wengi wao walizikwa Igoma, Mwanza, pasina ndugu kuwatambua. Septemba 10, 2011, siku chache baada ya Idd el-Fitri, MV Spice Islander iliyojaa kupita kiasi ilizama baina ya Unguja na Pemba, na mamia wakafa. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere chenye uwezo wa watu 101 kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Ukara, na watu 228 wakapoteza maisha. Je, ajali hizi zilikosa kinga? Kinga yake ilikuwa ni kuhesabu watu na kusema: waliobaki wasubiri. Hiyo ni hesabu anayoiweza mtoto wa darasa la tatu.

Na kinyume chake tumekiona kwa macho yetu hapa Kagera. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43. Walikufa 19, Allah awape subira jamaa zao. Lakini 24 walitoka hai, na waliowafikia mwanzo ni wavuvi kwa mitumbwi yao, na kijana mmoja miongoni mwao alisimulia kuwa alitumia kasia kuuvunja mlango. Lau wavuvi wale wangekaa mwaloni wakisema ajali haina kinga, wangapi wangetoka? Allah aliwaokoa watu kwa sababu ya kasia. Ndivyo zilivyo sababu: Yeye ndiye aliyeziumba, na Yeye ndiye aliyetuamrisha kuzishika.

Wanazuoni walikwisha hukumu

Asije mtu akadhani kuwa haya ni mawazo mapya ya watu waliosoma mbali. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ametaja katika Minhaj, kitabu kinachodurusiwa na Mashafii wa Afrika Mashariki vizazi na vizazi, kwamba mtoto akikabidhiwa kwa mwogeleaji ili amfundishe, kisha akazama, diya yake inawajibika. Na Ibn Qudama, aliyefariki mwaka 620 Hijria, amelitaja suala hilo hilo katika Al-Mughni, akaeleza sababu: mzazi amemkabidhi mwanawe ili ahifadhiwe kwa tahadhari, basi akizama, aliyekabidhiwa amenasibishwa na uzembe.

Insafu inatulazimu tueleze kuwa Ibn Qudama amenukuu pia rai ya Al-Qadhi, kwamba mwalimu huyo hadhamini ikiwa alifanya lililo la kawaida kwa maslahi ya mtoto. Lakini itazameni rai hiyo vizuri. Inamlinda mwalimu aliyetimiza yaliyo ada ya walimu wa kuogelea. Haimlindi aliyewapakia watoto chomboni kama mafungu ya kuni na asijue idadi yao.

Basi sisi maustadhi tujiulize. Mzazi anapomleta mwanawe asubuhi ya Idd na kusema "nakuachia," ametukabidhi amana. Wanazuoni wetu waliandika hukumu ya amana hiyo kiasi cha miaka 750 iliyopita. Ni wapi katika vitabu hivyo tulipoikuta ibara ya ajali haina kinga?

Wanaosema: haya ni mambo ya Wazungu

Wapo ndugu zetu watakaosema kuwa kuvaa jaketi, kupuliza filimbi na kuandikiana karatasi ni kuwaiga makafiri. Tunaelewa uchungu wa watu wa Bumbire kwa wageni. Aprili 1875 Stanley alifika hapa na mashua yake. Watu wa kisiwa wakamnyang'anya makasia, naye na watu wake wakang'oa mbao za ndani ya mashua wakazifanya makafi, wakaondoka huku wakifyatua risasi. Agosti mwaka huo huo akarudi na kundi kubwa la mitumbwi, akawamiminia risasi watu waliosimama ufukweni. Alilaumiwa hata huko kwao Uingereza. Hatujasahau, wala hatuombi mtu asahau.

Lakini kujikinga na kuzama si ibada ya dini yoyote wala si alama ya kaumu yoyote. Handaki la Madina lilichimbwa kwa rai ya Salman (r.a.), na desturi hiyo ilikuwa ya Wafursi. Mtume (s.a.w.) hakuikataa kwa kuwa imetoka kwa Majusi.

Tena watu hao hawakuzaliwa na nidhamu hiyo. Machi 22, 1993, huko Lyme Bay, kusini mwa Uingereza, wanafunzi 8 pamoja na mwalimu wao na wakufunzi 2 walitoka na kayaki kwa safari ya pwani ya maili chache tu. Upepo ukawasukuma bahari kuu. Walipokosa kufika kwa wakati, taarifa kwa waokoaji ilicheleweshwa kwa saa kadhaa, na wanafunzi 4 wakafa. Je, taifa lile lilisema ajali haina kinga na kwenda kula pilau? Mkurugenzi wa kampuni iliyoandaa safari alifungwa jela kwa kusababisha vifo, na mwaka 1995 Bunge likapitisha sheria ya usalama wa vijana katika vituo vya michezo ya namna hiyo. Ile karatasi tuliyoiona ikiachwa ufukweni, ambayo tuliicheka, haikuandikwa na watu waoga. Iliandikwa na watu waliokwisha zika watoto na wakaona haya kuzika wengine kwa sababu ile ile. Na sisi tulikwisha zika wangapi?

Wanaosema: basi tupige marufuku

Upande wa pili wapo waliokuja na dawa nyepesi: matembezi ya majini yaharamishwe kabisa, kwani ni mchezo, na mchezo ni upotevu wa wakati. Hawa nao wamekosea. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Mama Aisha (r.a.), na siku ya Idd aliwaacha Wahabeshi wacheze na mikuki yao msikitini. Imepokewa kutoka kwake, kwa riwaya ya Nasai, kwamba kujifunza kuogelea ni miongoni mwa mambo manne yasiyohesabiwa kuwa ni upuuzi. Ama ile kauli mashuhuri ya kuwafundisha watoto kuogelea, ambayo wengi huinasibisha kwa Mtume (s.a.w.), iliyo mashuhuri ni kuwa hiyo ni ya Umar (r.a.), na tusimzulie Mtume wetu hata katika kheri.

Isitoshe, marufuku hiyo haitekelezeki. Mtoto wa kisiwani atayapanda maji akienda shule, akienda hospitali, akienda kuoa. Ukimharamishia kujifunza maji katika siku ya furaha, akiwa na mwalimu na jaketi, umemwacha ajifunze siku ya dhoruba.

Kinachoharamishwa ni kile tunachokijua sote. Novemba 24, 2018, upande wa Uganda wa ziwa letu hili, chombo cha starehe kilichokuwa na muziki na ulevi kilizama karibu na ufukwe wa Mutima, Mukono. Kilibeba watu kupita uwezo wake, na zaidi ya 30 walikufa, mwenye chombo akiwa miongoni mwao. Sisi hatuna ulevi katika mitumbwi yetu, alhamdulillah. Lakini je, wingi wa watu tunao? Upungufu wa majaketi tunao? Basi maji hayamuulizi mtu dini yake kabla ya kumzamisha.

Wanaosema: hatuna uwezo

Hoja ya mwisho ni fedha. Tunawauliza wanaoitoa: fulana za rangi moja zilizoandikwa jina la madrasa zilinunuliwa kwa nini? Kipaza sauti kilikodiwa kwa nini? Ng'ombe wa karamu je? Fulana ya Idd huchakaa mwaka huo huo, nalo jaketi likitunzwa huvaliwa Idd nyingi. Misikiti miwili au mitatu ikichangishana, majaketi hayo hayo yatazunguka zamu kwa zamu. Na ikiwa kweli hatuna uwezo, basi hatuna uwezo wa kupanda maji. Tule pilau yetu chini ya mwembe, na Idd yetu itakubaliwa inshaallah.

Tunayoyataka

Tunazitaka kamati za misikiti yote ya visiwani na ya pwani ya Kagera zipitishe mambo yafuatayo kabla ya Idd ijayo:

Kwanza, pasipo jaketi kwa kila mtu, hakuna safari. Na jaketi livaliwe na kufungwa mikanda. Lisifanywe mto wa kukalia.

Pili, majina yaandikwe kabla ya kupanda, yasomwe kabla ya kurudi, na nakala pamoja na saa ya kurudi ibaki kwa mtu mmoja msikitini, mwenye simu na mwenye amri ya kutoa taarifa saa hiyo ikipita.

Tatu, idadi ya watu isizidi uwezo wa chombo, na chombo kiwe kimekaguliwa na TASAC. Ustadhi hana mamlaka ya kuongeza hata mtoto mmoja.

Nne, neno la upepo ni la mvuvi mzoefu, si la imamu wala la mfadhili. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usikilizwe. Wazee wetu wanajua kuwa upande huu wa magharibi mvua za radi hupenda kushuka usiku na asubuhi. Basi asubuhi yenye wingu zito iachwe ipite. Nahodha akisema hatuendi, hakuna anayenung'unika.

Tano, watoto wafundishwe kuogelea mwaka mzima, wavulana kwa walimu wao na wasichana kwa walimu wao wa kike, mahali palipo salama na mamba na pasipo na kichocho.

Sita, mzazi aulize. Asione haya kumuuliza Ustadhi: jaketi la mwanangu liko wapi? Na Ustadhi anayechukia swali hilo, mtoto asipewe.

Ndugu Waislamu, katika Sahihi ya Bukhari, Mtume (s.a.w.) ametupigia mfano wa watu waliopiga kura katika jahazi, wengine wakakaa juu na wengine chini, na wale wa chini wakataka kulitoboa sehemu yao ili wapate maji kwa urahisi. Wa juu wakiwaacha, wote wanaangamia; wakiwashika mikono, wote wanaokoka. Sisi tulitoboa, na Allah akatusitiri. Mwaka huu tushikeni mikono, na sisi tutawashika yenu.

Tunamuomba Allah atughufirie tulilolipuuza, awarehemu Waislamu waliozama katika ziwa letu, na atujaalie kila tunayemchukua ufukweni tumrudishe kwa mama yake.

Wabillahi tawfiq.